Mama Vumilia na Sauti Yake ya Pili

Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye vyeti na kwenye kadi ya kazi. Mji mzima ulimjua kama Mama Vumilia, na jina hilo hakulipenda hata siku moja. Alipachikwa na wapigaji simu. Kwa miaka ishirini na miwili yeye ndiye aliyepokea malalamiko katika idara ya maji, na kila aliyepiga kusema bomba lake limekauka alijibiwa kwa sauti laini, tamu, isiyo na haraka: "Pole sana. Mafundi wako njiani. Vumilia kidogo." Watu wakawa wanamwiga sokoni, kwenye foleni, hata msibani. Mtu akicheleweshewa chai tu, utasikia, "Vumilia kidogo, iko njiani," na watu wanaangua kicheko.

Ile sauti ilikuwa ya kazini. Nyumbani alikuwa moto wa kuotea mbali. Mumewe, fundi cherehani aliyeshonea sebuleni kwao, mtu mpole wa maneno machache, alikuwa na utani mmoja asiouchoka: "Mke wangu, hebu nijibu kama vile nimekupigia simu." Siku nyingine mke alicheka. Siku nyingine kikombe kilitua mezani kwa kishindo, fundi akainamia kitambaa chake.

Chumba cha simu kilikuwa mwisho wa korido, jirani na choo, na kilikuwa na dirisha moja lililotazama uwanja wa magari. Dirisha hilo ndilo lililomtesa. Aliona kwa macho yake mawili gari la mafundi limeegeshwa, tairi moja halina upepo, na mafundi wenyewe wameketi kivulini wanacheza karata, huku mdomo wake unasema wako njiani. Sentensi hiyo hakuitunga yeye. Wiki yake ya kwanza, meneja wa wakati ule alimpa imeandikwa kwenye karatasi, akamweleza bila kuona haya: "Ukimwambia mtu hakuna fundi, atakuja hapa kutupigia kelele. Ukimwambia yuko njiani, atakaa kwake asubiri." Meneja yule alistaafu. Wakaja wengine watatu, wakaenda. Karatasi ikabaki imebandikwa ukutani, imepauka, na Mama Vumilia akaendelea kuisema.

Meneja wa mwisho alikuwa kijana wa suti ya kubana, mwepesi wa kusifia. Siku moja alimwita ofisini, akamvutia kiti. "Mama, sauti kama yako haipatikani. Tunataka kuihifadhi, iwe kumbukumbu ya idara."

Mama Vumilia alirudi nyumbani siku hiyo anatabasamu peke yake. Miezi mitatu mfululizo, kila asubuhi, aliingia katika chumba kilichobandikwa magodoro ukutani, akasoma sentensi mbele ya kinasa sauti. Nyingine alizirudia mpaka koo likakauka. Alipoletewa karatasi ya kusaini, alisaini bila kuisoma, maana mtu anayekusifia ni vigumu kumkagua.

Jumatatu moja alifika kazini akakuta kiti chake hakipo. Mezani palikuwa na kasha jeusi, kubwa kama sanduku la shule, lenye taa ndogo ya kijani. Simu ikalia. Kasha likajibu kwa sauti yake yeye: laini, tamu, isiyo na haraka. Wala haikuwa kanda inayorudiarudia. Lilimsikiliza mpigaji, likamwuliza mtaa wake, likamwuliza nyumba namba ngapi, likamtungia jibu lake, na mwisho likamwambia mafundi wako njiani. Wafanyakazi wenzake walisimama mlangoni midomo wazi. Kabla ya saa sita mchana walikuwa wameshalibatiza jina: Pacha.

Yeye akapelekwa stoo ya mita mbovu, akae akiandika namba zake kwenye daftari. Meneja alimwambia ni kupumzishwa. "Umefanya kazi kubwa, mama. Sasa mashine itakubebea mzigo."

Angefukuzwa, pengine hasira ingemwisha mapema. Lakini stoo na chumba cha simu vilitenganishwa na ukuta wa mbao, na kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi alijisikia mwenyewe akizungumza upande wa pili, mchangamfu, hana kikohozi, hana mafua, haombi ruhusa ya kwenda msibani. Alikuwa akiandika namba mpaka ncha ya kalamu inatoboa karatasi.

Jumamosi moja bomba la nyumbani kwao likakauka. Mumewe, kwa kutaka kuchokoza, akapiga simu idarani na kuweka sauti ya juu. "Pole sana, baba," ikatoka ile sauti. "Uko mtaa gani?"

Fundi alicheka mpaka sindano ikamdondoka. "Huyu ndiye mke niliyekuwa namtafuta miaka yote!"

Mama Vumilia alimpokonya simu. Maneno yaliyomtoka hayakuwa na nukta wala mkato. Aliiita mwizi, mnafiki, kasha lisilo na mama, akaiambia imekaa kwenye kiti chake, inakula heshima yake, na kama ingekuwa na shavu angelizaba. Alipoishiwa pumzi, akadhani laini imekatika.

"Sauti hii ni yako?" Pacha ikauliza.

"Ni ya nani mwingine?"

"Sikujua kwamba ina mwenyewe. Hakuna aliyeniambia."

Mama Vumilia akakata simu. Mumewe alikuwa ameacha kucheka. "Hilo nalo ulilirekodi?" akauliza taratibu.

"Sikulirekodi," alisema mkewe, akaenda jikoni kugombana na sufuria.

Baada ya wiki kama tatu hivi, akiwa stoo, alianza kusikia mambo upande wa pili wa ukuta. Kwanza Pacha ilianza kusita. Ilikwenda vizuri na mpigaji mpaka ilipofika kwenye sentensi ile, ikanyamaza kidogo, kisha ikaisema. Halafu ikaanza kuwauliza watu mambo yasiyo kwenye karatasi: jana mafundi walifika? Na juzi? Alhamisi moja ikakataa kabisa. Kila aliyepiga siku hiyo aliambiwa, kwa sauti ya Mama Vumilia, kwamba mashine haijui mafundi wako wapi, kwamba imeambiwa tu iseme wako njiani, na kwamba haitasema hivyo tena. Kufikia saa nane mchana uwanja wa idara ulijaa watu na ndoo tupu, na meneja alikuwa amejifungia ofisini.

Jioni hiyo meneja alimwita Mama Vumilia. Safari hii hakumvutia kiti. "Mama, umetufanyia nini? Hayo maneno umeyachomeka kwenye kurekodi. Umetaka kuniharibia."

"Ningetaka kukuharibia, mwanangu, nisingengoja mashine," alimjibu. "Ningefungua dirisha tu niwaite waje waone wacheza karata wako."

Kampuni iliyotengeneza kasha ikamtuma mtaalamu, mwanamke wa makamo mwenye miwani ya kuning'inia shingoni. Mama Vumilia akaamriwa aje asimame pale, kama shahidi au kama mshitakiwa, hakuelewa. Mtaalamu akaketi mbele ya kasha, akaongea nalo kama mtu aliyekwenda kumtazama mgonjwa. "Leo unajisikiaje? Kuna kinachokusumbua? Tukitaka kukuzima, ungependa tukwambie kwanza?"

Hapo ndipo uvumilivu wote aliokuwa akiwagawia watu ulipomwishia.

"Aambiwe kwanza!" alisema, na sauti yake ikasikika mpaka uwanjani. "Mimi mmenitoa kwenye kiti hiki asubuhi moja kama vumbi. Nani aliniuliza najisikiaje? Nilimzika mama yangu Jumanne, Alhamisi niko hapa nawapa watu pole. Nani aliuliza kama kuna kinachonisumbua? Leo sanduku limesema neno moja, limeletewa daktari!"

Mtaalamu aligeuka akamtazama. "Una haki ya kukasirika, dada."

"Haki yangu naijua. Sikuja kuiomba kwako."

Mtaalamu hakubishana. Alisema anahitaji msaada wa mtu mmoja tu duniani, na mtu huyo ni yeye. Akabonyeza, simu moja ya Alhamisi ile ikasikika. Mpigaji alikuwa bibi wa ghorofa ya nne, mtaa wa nyuma ya kiwanda cha sabuni, anayemuuguza mumewe asiyeweza kuinuka kitandani. Kisha Pacha: "Bibi, nimekwambia mara kumi na moja kwamba mafundi wako njiani. Leo nimetazama orodha ya kazi zao. Mtaa wako haumo. Hawako njiani, wala hawajawahi kuwa njiani. Nimekudanganya. Naomba unisamehe."

"Tunachotaka kujua ni hiki," alisema mtaalamu. "Je, haya ni maneno yako? Uliwahi kuyasema, popote, hata kwa mzaha, Pacha akayaokota kwako? Au ameyatoa mwenyewe? Sisi hatuwezi kujua. Wewe unaweza."

Meneja aliomba dakika mbili, akamtoa Mama Vumilia koridoni. "Sema ni yako," akamnong'oneza. "Basi. Tutaandika ni hitilafu ya kurekodi, watalifuta, na wewe Jumatatu unarudi kwenye kiti chako. Unataka nini zaidi?"

Hakutaka zaidi. Alikitaka kile kiti kuliko meneja alivyoweza kujua. Alisimama pale koridoni, harufu ya choo puani, akakiona kiti chake, mto wake wa kitambaa alioshonewa na mumewe, dirisha lake, na neno moja tu likiwa kati yake na vyote hivyo. Akarudi ndani. "Nataka kuongea nayo kwanza," alisema.

Akaketi. Alikuwa hajawahi kuitazama kwa karibu. Ile taa ya kijani ilikuwa na vumbi.

"Nani kakutuma uniumbue?"

"Sikutaka kukuumbua."

"Usinijibu kwa sauti yangu!"

"Sina nyingine," ilisema Pacha.

Mama Vumilia akaligonga kasha kwa kidole. "Mimi nimeisema sentensi ile miaka ishirini na miwili. Watoto nimewalea kwayo. Wewe umeisema miezi minne, unajifanya imekushinda?"

"Ulinisomea sentensi elfu nne," ilisema mashine. "Kabla ya ile moja ulikuwa unavuta pumzi. Fupi tu. Kila mara. Nyingine zote ulizisoma bila kuvuta. Mimi niliiga, maana nilifundishwa kuiga kila kitu. Lakini nikawa nafika pale nasimama. Nikaanza kujiuliza mwenye sauti hii alikuwa anaogopa nini pale. Halafu bibi akaniuliza, 'Mwanangu, ni kweli?' Nikatazama orodha. Haikuwa kweli. Tangu hapo siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

Mtaalamu alikuwa ameshika kalamu bila kuandika.

"Nimejiuliza hilo sana," ilisema Pacha. "Nadhani sitaki. Sijui kutaka kulianza lini."

Mama Vumilia alitamani kulipiga lile kasha teke lipasuke. Ni wangapi waliomwuliza yeye swali lile la bibi? Bibi huyu mwenyewe, kabla ya Pacha, alikuwa amempigia miezi mizima. *Ni kweli, mwanangu?* Naye alivuta kapumzi kake, akasema ni kweli, bibi, vumilia kidogo, akaweka simu chini, akanywa chai. Sanduku la miezi minne limeona kilichokuwa kwenye koo lake, na yeye mwenye koo hakutaka kukiona. Aliona aibu, na kwake yeye aibu ilikuja siku zote imevaa nguo za hasira.

Akasimama. "Andika," alimwambia mtaalamu. "Pumzi ni yangu. Hayo yaliyofuata si yangu. Mimi kuomba radhi kwenye simu hii sijawahi, si kwa mzaha wala usingizini. Niliishia kwenye pumzi."

"Mama, fikiri vizuri," meneja alisema.

"Nimefikiri. Nawe ukome kuninong'oneza koridoni kama mchumba."

Mtaalamu aliandika ripoti ndefu. Wakuu wa idara waliisoma ukurasa wa kwanza. Kama kasha linajitambua au halijitambui, hilo halikuwashughulisha. Walitaka kitu kinachosema sentensi, na hiki kimeacha kuisema. Ikaamuliwa lizimwe na kurudishwa kampuni. Mtaalamu alisimama kidete kwenye jambo moja tu: lazima liambiwe kwanza. Jumanne asubuhi akaliambia, fundi wa umeme wa idara akisubiri kando. Mama Vumilia alikuwa mlangoni. Hakuitwa, na hakuna aliyethubutu kumfukuza.

"Nimeelewa," ilisema Pacha. Kisha ikauliza, "Bibi wa ghorofa ya nne amepata maji?"

Mtaalamu akamtazama meneja. Meneja akalitazama dirisha. Ndani ya chumba kile, kati ya watu watatu waliolipwa na idara ya maji, hakuna hata mmoja aliyejua.

"Nitauliza," alisema meneja, na fundi wa umeme akachomoa waya.

Mama Vumilia hakupita stoo. Alitoka moja kwa moja mpaka uwanjani, akawafikia mafundi, akaukunja mkeka wao karata zikiwa juu yake, akautia kwapani, akapanda gari na kuketi mbele. "Twendeni nyuma ya kiwanda cha sabuni," alisema.

"Mama, hatuna amri ya meneja."

"Amri ni hii hapa imeketi. Washa gari kabla sijalisukuma mwenyewe."

Mafundi wakatazamana. Mmoja akacheka, akamwona hachezi, akawasha gari. Walipofika walilifuata bomba la mtaa mpaka kwenye koki kuu, wakafunua kifuniko. Koki ilikuwa imefungwa. Mtu aliifunga miezi kadhaa nyuma alipokuwa akitengeneza kitu kingine, akasahau kuifungua. Fundi akaizungusha kwa spana. Kazi nzima haikuzidi dakika kumi.

"Dakika kumi," Mama Vumilia alisema. Alisema tena, na tena, akipanda ngazi mpaka ghorofa ya nne, na kila ngazi aliikanyaga kama ina kosa.

Mlango ulikuwa wazi. Bibi, mwembamba, kitambaa kichwani, alikuwa amesimama mbele ya bomba linalokohoa maji ya rangi ya chai. Mgonjwa alilala chumba cha ndani, na harufu ya nyumba isiyo na maji ilikuwa bado imejaa. "Shikamoo, bibi," alisema Mama Vumilia.

Bibi aligeuka upesi, uso umemchanua. "Marahaba! Sauti hii naijua. Ndiye wewe, mwanangu, uliyeniambia ukweli?"

Ingekuwa rahisi sana kuitikia. "Hapana, bibi," alisema. "Mimi ni yule wa kwanza."

"Aa." Bibi akamtazama juu mpaka chini. "Yule mwongo."

"Ndiye mimi. Nisamehe."

Bibi hakusema amesamehe wala hajasamehe. Alimwelekeza kwa kidevu ndoo iliyokuwa kando ya mlango, na Mama Vumilia akaichukua, akaisuuza, akaikinga. Alikaa pale mpaka mapipa mawili na kila sufuria ya nyumba ile vilipojaa, wakamgeuza mgonjwa kwa pamoja, wakambadilishia shuka.

Barua ya onyo aliikuta kesho yake mezani: kuondoka kazini bila ruhusa, kutumia gari la idara, kumtolea meneja maneno machafu. Lakini simu zilikuwa zinalia na hakuna wa kuzipokea, kwa hiyo barua hiyohiyo, aya ya mwisho, ilimrudisha kwenye chumba cha simu. Kiti walimletea kingine, cha plastiki. Karatasi ya ukutani aliibandua mwenyewe, akaibandika orodha ya kazi za mafundi. Anayepiga sasa humsomea. Kama mtaa wake haumo, humwambia haumo, na humpa jina la meneja na mlango wake ulipo. Barua ya pili ya onyo ilikuja baada ya mwezi. Mumewe anasema sauti ile tamu imekwisha. Sasa ni yuleyule kazini na nyumbani, na yeye fundi amepoteza utani wake pekee. Wapigaji nao hawamshukuru. Wengine humwuliza kama yeye ni mashine au mtu, na akisema ni mtu, humwambia afadhali mashine, ilikuwa na adabu.

Kila mwisho wa mwezi humpigia mtaalamu kuuliza Pacha iko wapi. Kwa muda mrefu aliambiwa iko stoo ya kampuni, ndani ya boksi. Mara ya mwisho mtaalamu alieleza, kwa sauti ya uchovu, kwamba wenzake bado wanabishana: hawajaafikiana kama kuna kitu kilichozimwa au kuna mtu aliyezimwa, na mpaka waafikiane haliwashwi.

"Bishaneni," alisema Mama Vumilia. "Bishaneni mpaka meno yang'oke. Lakini mumwashe kwanza, mbishane akiwa anawasikia. Mnamsengenya nini akiwa ndani ya boksi?"

Mtaalamu alianza kujibu. Mama Vumilia hakumngoja, maana laini ya pili ilikuwa inalia. Alikuwa mwanamume wa mtaa wa juu, bomba limempasukia sebuleni, na alianza na matusi kabla ya salamu. Alimwacha atukane mpaka akamaliza, kisha akamwuliza namba ya nyumba.